Kabati la Nyuki la Winfrida

Winfrida alikuwa mtu wa mipango, na naomba tusimcheke kabla hatujajua kilichomfikisha hapo. Mwaka wa pili chuoni alisomea ubunifu kama wengi wanavyosomea: kazi ikitolewa leo, anasema muda bado upo, siku ya kukusanya ikikaribia, anakesha na kahawa mpaka macho yanakuwa mekundu kama ya mlevi. Akapata sapu mbili, ile mitihani ya kurudia, na somo moja akalisoma upya kabisa. Wakamwambia bila kumung'unya maneno: mwaka wa mwisho, ukianguka mradi wako, unadisko. Unafungasha, unarudi kwenu Kintinku, na shahada utaisikia kwa wenzako.

Basi binti akabadilika. Aliporudi nyumbani likizo kumalizia mradi, aligeuza ukuta wa chumba chake kuwa kalenda. Vikaratasi vya njano vilikuwa vya kuchora, vya bluu vya kukata mbao, vya pinki vya kuandika maelezo, na cha kijani kilibandikwa pale tu kitu kilipokamilika. Kila jioni alisimama mbele ya ukuta ule, mikono kiunoni, akahamisha kikaratasi kimoja, akatabasamu peke yake. Mama yake, Dorkas, akimuuliza, "Haya, umefikia wapi?" jibu lilikuwa moja tu.

"Mtaona."

Mtaona! Mtu analala nyumba moja na wewe, anakula ugali wako, halafu mipango yake unaisikia kwa jirani. Na si kwamba alikuwa na kiburi. Aliogopa kutangaza jambo, kisha limshinde tena mbele ya watu waliokwisha kumwona akishindwa.

Mradi wenyewe ulikuwa mzinga wa nyuki. Baba yake, Mzee Hosea, alikuwa mrina asali, na baba wa baba yake vilevile. Mizinga yao ilikuwa ya magogo, inatundikwa juu mitini, na wanaopanda ni wanaume. Mama Dorkas alikuwa ameolewa na mrina asali miaka yote hiyo na hajawahi kugusa sega likiwa mzingani. Winfrida akachora mzinga wa kusimama chini, kimo cha kiuno, wenye droo nne. Unavuta droo, unakata sega, unarudisha droo, na hukupanda popote. Wenzake chuoni waliuita "kabati la nyuki" kwa kumtania. Yeye akaupenda utani huo, akaufanya jina la mradi.

Sasa, Mzee Hosea huyo alikuwa hana nyuki hata mmoja. Tangu watu walipoanza kupiga dawa mashamba ya alizeti, makundi yake yalihama moja baada ya jingine, mizinga ikabaki mitini imetoboka. Kila mwaka aliipaka nta upya, akangoja. Hawakuja. Hakulalamika kwa mtu, ila watu wa nyumbani walijua kwamba akinyamaza sana jioni anawaza nyuki.

Wiki ya mwisho mambo ya Winfrida yalikuwa yamenyooka mpaka yeye mwenyewe akaogopa. Alilisugua kabati kwa mafuta ya alizeti, akaliweka nyuma ya jiko likauke, akaondoka kwenda Singida mjini kuchapisha michoro yake mikubwa. Wasilisho lilikuwa Jumatatu. Ijumaa alirudi na bomba la michoro begani, roho nyeupe, akaingia uani akiimba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Pita polepole huko nyuma," akasema Mzee Hosea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Winfrida hakuwa ameiona tangu akiwa shule ya msingi. "Usikurupuke. Nenda kaangalie."

Akaenda. Mama yangu! Kabati lilikuwa linavuma. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwenye mlango mdogo aliouchonga kwa mkono wake, wengine wametanda juu ya droo ya kwanza, weusi tii, wanatembea kama watu walioandikishiana nyumba. Winfrida alipigwa na butwaa. Bomba la michoro lilimdondoka, naye hakuinama kuliokota.

"Baba! Nani kawaingiza?"

"Wamekuja wenyewe, juzi," mzee akasema. "Mimi nilipaka nta tu."

"Ulipaka nini?"

"Nta. Mlangoni na ndani ya droo." Alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini kanawa kabla ya kula. "Mzinga unatoka kwa Hosea unakwenda mbele ya walimu, haunuki nta? Wangeona umewapelekea sanduku. Nilitaka uende na heshima."

Na kwa warina asali wa pale, ndivyo ilivyo. Mzinga mpya haukai mtupu bila nta, hata wa kuonyesha. Kosa hilo asingelifanya mtu wa kwingine, kwa sababu mtu wa kwingine asingejali. Na la pili ni baya zaidi: nyuki wakiingia nyumbani kwako kwa hiari yao, huwafukuzi. Unawashukuru, unawaacha. Mzee Hosea alikuwa amekwisha kuwamwagia maji kidogo ardhini na kuwakaribisha kwa Kigogo, kwa jina la baba yake.

Winfrida aliingia chumbani, akaufunga mlango, akautazama ukuta wake. Vikaratasi vyote vilikuwa kijani isipokuwa kimoja: kusafiri na mzinga Jumapili. Kila mtu alijua sharti la chuo. Kitu kisipokuwepo mezani, kikafunguliwa na kukaguliwa, maksi hakuna. Na utaingiaje kwenye basi na kundi la nyuki? Utawaambia abiria nini?

Mama Dorkas akamfuata. Winfrida alilia kilio cha mtu mzima, kile cha kukosa pumzi.

"Nitadisko mama. Safari hii sikuchelewa, sikulala, kila kitu nimefanya. Halafu nidisko kwa ajili ya nyuki wa baba!"

Ukuta wa tofali za kuchoma haufichi sauti. Upande wa pili Mzee Hosea alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda. Alisikia kila neno. Akainama, akaanza kuchora chora chini kwa kijiti, na ile furaha ya usoni ikamtoka.

Jumamosi yote waliishi kama watu waliofiwa. Mzee hakwenda shambani. Winfrida alikwenda nyuma ya jiko mara nyingi, akasimama mbali, akawatazama. Na hapo, amini usiamini, uchungu ukaanza kumtoka. Walikuwa wanaipenda ile nyumba! Mlango aliobishana nao wiki nzima, akiupunguza kwa msasa, waliutumia kama alivyouchora. Alijikuta anacheka na machozi bado yapo. Na alimwona baba yake amesimama dirishani, naye anawatazama, akaona huruma iliyomchoma. Angeadhibiwa vipi mzee huyu kwa kumpenda?

Jioni, jua likiwa bado lipo, alitembea mpaka kwenye tuta la reli, ambako mtandao unashika, akampigia msimamizi wake, Dokta Benson. Alieleza yote kwa pupa, mpaka nta. Winfrida akajua kwisha habari yake.

"Winfrida," Dokta akasema, "unaniambia nyuki wameingia na wanaishi humo?"

"Ndiyo, Dokta. Naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini? Miaka yote mnatuletea vitu ambavyo havijatumiwa na mtu wala mdudu! Usiuguse huo mzinga. Piga video asubuhi, wakitoka na kuingia. Vuta droo moja taratibu, tuone kama wameanza sega. Njoo na video na michoro. Jopo nitazungumza nalo mimi."

Winfrida aliruka juu ya tuta lile kama mwendawazimu. Alirudi mbio, akaingia chumbani moja kwa moja, akakibandua kile kikaratasi cha mwisho na kubandika kingine: video, alfajiri. Akatoka. Baba yake alikuwa anakula, kichwa chini.

"Umempata mwalimu?" mama akauliza.

Maneno yalimfika mpaka kwenye meno. Lakini alikwisha kuona moyoni jinsi itakavyokuwa: asubuhi atamshika baba mkono, ampeleke nyuma ya jiko, amwashie simu, amwambie, hawa wako wanabaki, na wewe utakuwemo kwenye video. Ilikuwa nzuri mno kuisema juu ya mboga za mlenda.

"Mtaona kesho," akasema.

Mzee Hosea aliinua macho, akamtazama mwanawe usoni. Aliona macho yaliyovimba kwa kulia. Akarudi kwenye sahani yake.

Kilichomwamsha Winfrida alfajiri si simu. Ni moshi. Alitoka pekupeku, na barazani palikuwa na kabati lake, limefutwa kwa kitambaa cha maji, droo zote zimesukumwa ndani, limefungwa kwa kitenge cha mama tayari kwa safari. Kimya. Hakuna kilichovuma. Pembeni yake alikaa Mzee Hosea, na Winfrida akapiga ukelele. Uso wa baba yake ulikuwa umevimba, jicho moja limeziba kabisa, midomo imejaa, mikono haikunji vidole.

"Usiogope," akasema kwa shida. "Niliwapulizia moshi kidogo kidogo, nisiwaue. Nimewaomba radhi. Wamekwenda ng'ambo ya reli. Droo nimezifuta, basi lako utaliwahi."

"Alinikataza nisikuamshe," mama Dorkas akasema. Alikuwa analia bila sauti, anamkanda mzee kwa kitambaa.

Winfrida alitazama angani ng'ambo ya reli, hakuna kitu, ni anga tupu.

"Mwalimu alisemaje jana?" mzee akauliza, anajitahidi kutabasamu na midomo ile. "Maana hukutuambia."

Angeweza kudanganya. Alitamani. Lakini mtu aliyeumwa hivyo kwa ajili yako unamdanganya kwa uso gani? Akapiga magoti, akamwambia yote, simu, video, na kwamba nyuki walikuwa wabaki. Mzee Hosea alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. Lile jicho moja lililobaki lilimtazama mwanawe.

"Ungeniambia," akasema.

Honi ya basi ililia barabarani. Mzee aliinuka, akaukataa msaada, akalibeba kabati kwa mikono ile iliyovimba mpaka mlangoni pa basi.

Jumatatu Winfrida alisimama mbele ya jopo. Alikuwa ameandaa majibu ya kila swali, la mbao, la vipimo, la mlango. Dokta Benson aliivuta droo ya juu, akanusa nta na moshi, akaipindua. Kwenye kona, mahali ambapo kitambaa cha Mzee Hosea hakikufika, palikuwa na kipande cha sega kipya, cheupe, kidogo kuliko kucha. Wanajopo wakaangaliana. Mmoja akaandika kitu haraka, uso umekunjuka.

"Hongera sana," Dokta akasema. "Sasa tuonyeshe video. Wenyewe wako wapi?"

Winfrida alilitazama lile sega.

"Sikumwambia baba," akasema.