Kupisha Benchi

Kete zake mbili zilikuwa zimekwisha kuliwa, na Obiero bado hakuwa ameinua kidole. Alikuwa amekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba yake, Igombe kando ya ziwa, simu ameiegemeza kwenye kopo la rangi, mikono ameisugua kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka harufu ya petroli ikapungua. Saa ndogo pembeni ya kioo ilikuwa ikihesabu. Mpinzani wake alijiita Simba Mweupe. Alikuwa wapi duniani, hakuna ajuaye. Simba huyo alikuwa ameacha nafasi wazi upande wa kushoto, pana kabisa, kama mlango wa duka siku ya gulio.

"Huo ni mtego," Obiero aliiambia simu. "Mimi siingii."

Hakuingia. Alisogeza kete ya nyuma, kete ambayo haikuwa na haraka na mtu. Simba akabaki hana pa kwenda ila mbele, na alipokwenda mbele Obiero akala mbili kwa mkupuo mmoja, akatua mstari wa mwisho, akapata kingi. Muda si mrefu tarumbeta ikalia kwenye simu. Mstari wa rangi uliokuwa chini ya jina lake ukasogea kidogo kuelekea juu, kisha ukatulia.

Fedha. Bado alikuwa Fedha.

Mchezo ule wa drafti wa kwenye simu ulikuwa na madaraja manne. Mtu aliingilia Udongo, akapanda Shaba, akapanda Fedha, na juu ya yote ilikuwa Dhahabu. Ukibonyeza "Tafuta mpinzani", mchezo wenyewe ulikutafutia mtu, na mtu huyo lazima awe wa daraja lako. Wa Fedha hakutani na wa Dhahabu, hata wakiwa nyumba moja. Na Princess, binti yake Obiero, mtoto wake wa pekee, alikuwa Dhahabu.

Habari hiyo aliipata kwa Kemilembe, mwenye duka la kutengeneza simu pale njia panda. Kemilembe alisoma na Princess tangu darasa la kwanza. Siku moja Obiero alipopeleka simu yake ibadilishwe kioo, yule binti alisema bila kukusudia, "Hata Princess jana kanifunga drafti, tena vibaya." Kisha akainama juu ya bisibisi yake kama mtu aliyemwaga maji kwenye nyumba ya watu.

"Anacheza?" Obiero aliuliza.

"Anacheza, baba. Jioni jioni, akitoka kazini."

"Kule Mbeya?"

"Huko huko."

Watu wote wa pale mwaloni, ufukweni zinakotua mashua za samaki, walijua kilichowatenganisha baba na binti. Mkewe Obiero, Kokulinda, Mhaya wa Kamachumu, alikuwa ameomba azikwe hapa hapa, kwenye kiwanja chao, chini kidogo ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake kati ya mawe ambako watu walisema mgomba hauwezi kuota. Alipofariki, ndugu zake Obiero walikuja kutoka Rorya na gari. Mke wa Mjaluo hulala nyumbani kwa mumewe, kwenye ardhi ya wazee. Hilo halikuwa jambo la kubishaniwa. Kikao kilifanyika sebuleni. Princess alikuwa amesimama mlangoni, kanga ya mama yake mabegani. "Baba," alisema, "sema kitu." Obiero aliwatazama kaka zake, akamtazama binti yake, akainuka, akasema anakwenda kutafuta dizeli ya gari. Mazishi yakafanyika Rorya. Tangu matanga yalipoanuliwa, Princess hakupokea simu yake tena.

Ndiyo maana aliingia kwenye mchezo ule, mtu ambaye hata picha alikuwa hajui kutuma. Ombi la urafiki, ambalo huwakutanisha watu bila kujali daraja, alilituma mara moja. Halikujibiwa, naye hakulirudia. Akasema moyoni, basi nitapanda. Nikifika huko aliko, mchezo utatukutanisha wenyewe, wala haitakuwa mimi niliyemwita.

Lakini mwanzoni kupanda kulimshinda. Alikuwa mchezaji mzuri. Kijiweni, mbele ya karakana ya kuchonga mitumbwi, hapakuwa na mtu wa kumfunga kirahisi ila Maige. Kwenye simu alishinda mara nyingi kuliko alivyoshindwa, na hata hivyo alipanda Shaba, akashuka Udongo, akapanda, akashuka, kama ndoo ya kisimani.

"Baba Princess," Maige alimwita siku moja Obiero alipopita na plagi ya injini ya boti aliyokuwa akiitengeneza, "siku hizi unacheza na mizimu?"

"Mizimu haina shombo kama wewe."

"Njoo ukae hapa nikufunge mbele ya watu. Huyo wa kwenye simu ukimfunga, jasho lake unaliona? Utajuaje kama ameumia?"

"Wewe nakufunga toka zamani na sijawahi kukuona ukiumia."

"Kwa sababu hujawahi kunifunga, mzee! Elias, nikatalie kama nadanganya."

Elias, aliyekuwa akipaka lami mtumbwi, alicheka tu. Obiero alikaa, wakacheza. Katikati ya mchezo Maige alimtegea vizuri, na Obiero akaona kwamba hata afanyeje amekwisha. Akafanya kama ifanywavyo Igombe tangu alipoijua Igombe: akakusanya vifuniko vyake vya soda vilivyobaki, akavimimina kwenye kiganja cha Maige, akainuka. "Nimepisha," alisema. Paulo, mwingine wa pale kijiweni, akakaa mahali pake.

Hiyo ndiyo heshima ya kijiwe. Mtu mzima akiona amefungwa, hangoji kuliwa kete ya mwisho. Anapisha benchi. Anayebaki akisukuma kete moja huku na huku huitwa mroho, au mtoto, na watoto hawakai kwenye lile benchi.

Ni Kemilembe aliyeligundua tatizo. Obiero alimpa simu amwangalizie kama mtandao ndio mbaya. Binti akapekua, akapekua, akaanza kutabasamu, kisha akaacha kutabasamu.

"Baba, mbona unakimbia?"

"Nakimbia nini?"

"Hii hapa. Umekimbia, umekimbia, umekimbia. Michezo yote uliyoshindwa, hakuna hata mmoja uliomaliza."

"Sijakimbia, mwanangu. Nimepisha. Nikiona nimeshindwa natoka, mwenzangu aendelee na shughuli zake."

"Huku hakuna kupisha, baba. Ukitoka katikati wanahesabu umemkimbia mwenzio. Wanakukata pointi za kushindwa, halafu wanakukata za kukimbia. Ungekaa ukaliwa mpaka mwisho, saa hizi ungekuwa mbali."

Obiero aliichukua simu yake. "Kwa hiyo wale wote waliona nimewakimbia."

"Wameona hivyo."

"Na mimi nikidhani nawaheshimu."

Alitoka dukani bila kuaga vizuri, jambo ambalo si kawaida yake.

Kuanzia hapo alijifunza upya, taratibu, kama anavyofungua injini asiyoijua: anaweka kila kitu mahali pake kabla ya kugusa kingine. Alicheza jioni tu, baada ya kuoga. Akishindwa mara mbili mfululizo aliacha mpaka siku inayofuata, kwa sababu aliona kwamba mchezo wa tatu hauchezwi na akili bali na hasira. Kila mchezo alioshindwa aliupanga tena kwenye ubao wa mbao pale sebuleni, kwa vifuniko vya soda, akatafuta mahali ulipoharibika. Mara nyingi uliharibika mapema sana, wakati bado anadhani mambo ni mazuri. Ubao ulikaa mezani, upande wa pili wa meza kiti kitupu. Wakati mwingine, akiwa amezama, alikuwa anasogeza kete ya upande ule kisha anainua macho kuangalia uso wa aliyesogeza.

Gumu kuliko yote lilikuwa kukaa. Kukaa huku unajua. Kete tatu, kete mbili, kete moja, na yule mtu asiye na sura akikufuata pembeni mpaka mwisho. Mara za kwanza masikio yaliwaka, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona ila kuku wa jirani. Lakini aligundua jambo ambalo kijiweni asingeligundua maisha yake yote: watu wakiona wameshinda, huacha kutazama. Kete moja iliyotulia pembeni iliwahi kumpatia sare zaidi ya mara moja, na safari moja ilimpatia ushindi. Alijiuliza ni michezo mingapi aliyowahi kuipisha ikiwa bado haijaisha. Hakulifuata swali hilo mbali. Alioga, akala, akalala.

Hivyo akatoka Udongo, akatoka Shaba. Na wiki hii, baada ya huyo Simba Mweupe na wengine wawili wa baadaye, tarumbeta ililia tofauti, ndefu zaidi, na kioo kizima kikawa cha njano: Dhahabu.

Hakuwa na wa kumwambia. Ndege ya jioni ilikuwa ikishuka kuelekea uwanjani, chini kabisa juu ya ziwa, na dagaa walikuwa wameanikwa kila mahali. Alisema "haya" kwa sauti, kwa nani hajui, akabonyeza Tafuta mpinzani.

Siku ya kwanza alipewa mtu wa Ghana, akafungwa. Siku ya pili mwanamke wa Kigoma, wakatoka sare. Alijua kwamba akifungwa tena mara mbili tatu atarudishwa Fedha, na kupanda tena kungemchukua muda mrefu. Siku iliyofuata alikaa kwenye jiwe mapema zaidi, jua bado likiwa juu ya visiwa. Akabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka, kisha likaandika jina la mpinzani.

Nyarkokulinda.

Binti wa Kokulinda, kwa Kijaluo. Alikuwa amechukua lugha ya baba yake akajiitia mama yake.

Jina la Obiero mwenyewe halikuwa la kuficha kitu. Tangu mwanzo alikuwa ameandika Obiero wa Igombe. Basi sasa walikuwa wanatazamana, majina mawili juu na chini ya ubao, na zamu ya kwanza ilikuwa ya Princess. Saa yake ilianza kuhesabu. Haikutokea kitu. Obiero aliona dakika ikiyeyuka. Atatoka, aliwaza. Akitoka atakatwa pointi tu, na ana pointi nyingi, hazitamuuma.

Saa ilipokaribia kwisha, kete ikasogea.

Palikuwa na maneno ya kutumiana kwenye mchezo ule, lakini yalikuwa tayari yameandikwa, ya kuchagua tu. Obiero aliyafungua. Habari! Mchezo mzuri! Fanya haraka! Samahani! Hili la mwisho liliwekwa kwa ajili ya mtandao unaokatika. Shikamoo haikuwamo, kwa hiyo hata kama binti angetaka kumwamkia, asingekuwa na namna. Kidole chake kilikaa juu ya lile la mwisho, kisha akayafunga maneno yote bila kutuma. Hilo halikuwa neno la kuokota kwenye orodha.

Akacheza. Alimjua mchezaji huyu, alimfundisha mwenyewe akiwa bado hajaota upya meno ya mbele. Kete za mstari wa nyuma hazitoki mapema, alimwambia, hao ndio walinzi wa nyumba. Kwa hiyo alipanga mashambulizi yake akijua mstari ule utakuwapo. Princess akatoa mlinzi wa kwanza. Kisha wa pili. Obiero akatabasamu kidogo, mtoto amesahau. Akaingia pale palipokuwa wazi, na hapo ndipo alipoliwa kete tatu kwa mara moja, kwa namna ambayo hakuwahi kumfundisha mtu yeyote kwa kuwa hakuwahi kuijua.

Hakuwa amesahau. Alikuwa amejifunza kwingine, kwa watu wengine, miaka yote hii ambayo yeye alikuwa akicheza kichwani na mtoto yule wa zamani.

Kuanzia hapo mchezo ulikwenda upande mmoja. Princess akapata kingi, akapata ya pili. Obiero akabaki na kete mbili, kisha moja, imejikunyata pembeni. Mikono yake yenyewe ilitaka kupisha. Mazoea ni kitu kizito. Lakini hakutaka kuinuka. Hakuwa akitafuta sare wala kosa la mwenzake. Kila zamu yake ilikuwa na dakika nzima, na ndani ya dakika ile binti yake, popote alipokuwa Mbeya, alikuwa amekaa akimngojea yeye. Alizitumia dakika zote mpaka ukingoni. Na aliona kwamba upande wa pili nao, ingawa mchezaji yeyote angekwisha maliza kazi, kingi zile zilikuwa zikizunguka kwa mbali, bila haraka.

Ndipo yakatokea maandishi ambayo hakuwahi kuyaona. *Mpinzani anaomba mchezo uahirishwe hadi kesho, saa hii. Unakubali?*

Aliyasoma mara mbili. Anayeahirisha ni anayeshindwa, siyo anayeshinda. Labda ameitwa kazini. Labda chaji inakwisha. Obiero, ambaye alikuwa amezoea kuifungua kila mashine mpaka aone kilichomo, safari hii hakutaka kufungua. Alibonyeza ndiyo.

Ubao ukafifia, kete zikabaki mahali pake. *Zamu yako*, kikaandika kioo.

Aliteremka kutoka kwenye jiwe, akaingia ndani, akazipanga kete zile mezani kama zilivyokuwa: kingi mbili na kete nne kwa upande ule, upande wake kifuniko kimoja. Alijaribu kukipeleka mbele, kikaliwa. Akakirudisha. Akakaa akikitazama mpaka chumba kikaanza kuwa na giza, hakuona njia. Akainuka akawasha taa, akafunika ubao kwa ungo ili paka asije akauvuruga kabla ya kesho, akaenda kubandika maji ya ugali.