Mwito wa Mara Tatu

Elsie alikuwa na sauti. Tuanze hapo, maana mambo yote haya yametoka kwenye koo lake. Akiwaita mbuzi kutoka ukingo wa shamba lake kule Wusi, watu waliokuwa wakishuka zao Mwatate sokoni waligeuka kuangalia nani amewaita. Kanisani hakuhitaji kipaza sauti, na Jumapili moja alipopewa kwa heshima, mtoto wa mchungaji alilia mpaka akatolewa nje. Mumewe Thadeus, mwalimu wa shule ya msingi na mtu mpole kupita kiasi, kila siku alikuwa na neno lake lile lile: "Mama Titus, niko hapa hapa mezani."

Wivu pia alikuwa nao, tusifichane. Ulimwingia miaka sita iliyopita, siku Geoffrey, mdogo wake Thadeus, alipomleta mke kutoka Bungoma. Jina lake Namalwa, siku hizi mama Branice. Siku hiyo mama mkwe alikula ugali wa Namalwa, akafuta sahani, akaomba kuongezwa. Mama mkwe huyo huyo! Aliyekula kwa Elsie miaka kumi na tisa bila kusema hata kwamba chumvi imekolea. Elsie aliona kwa macho yake kijiko kikirudi kwenye sufuria, na hajakisahau mpaka leo.

Kisha likaja suala la shamba. Mashamba ya ndugu hao wawili yanapakana, udongo ni mmoja, jua ni moja, mfereji ni mmoja. Geoffrey kazi yake iko Voi, kwenye reli, huonekana nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo jembe lote ni la Namalwa. Sasa niambie, kwa nini nyanya za Namalwa zishikane kama shanga na za Elsie zijikunje majani? Elsie aliuliza swali hilo kila asubuhi, akisimama ukingoni na kikombe cha chai. Hakupata jibu. Alichopata ni kiungulia.

Sasa kuhusu mfereji. Maji yanatoka juu kwenye chemchemi, yanateremka shamba hadi shamba, na kila mtu ana zamu yake. Wakati wa kiangazi zamu hurudi baada ya siku kumi. Ukimaliza kumwagilia, unaziba mlango wako wa maji kwa jiwe na vipande vya majani na udongo, unasimama juu ya jiwe la mpakani, unamwita anayefuata. Unaita mara tatu. Akiitika, "Nimesikia," maji ni yake. Asipoitika, yanampita yaende kwa wa chini yake, naye anangoja siku kumi nyingine. Zaidi ya hayo, asiyeitika huhesabiwa mzembe: anazoa tope la mfereji peke yake kuanzia juu hadi chini, na mwaka huo hachaguliwi kwa cheo chochote. Na usithubutu kwenda kujifungulia mwenyewe kabla hujaitwa, watu walishawahi kupigana mapanga kwa hilo. Utasema, si wapigiane simu? Walijaribu. Mwaka mmoja kila aliyekosa zamu alikuwa na simu iliyozima, na kila aliyepaswa kupiga hakuwa na salio. Mkutano ukaamua: mdomo ndio mdomo.

Mwenyekiti wa mfereji alikuwa mzee Mwandawiro, ambaye shamba lake liko chini ya la Namalwa. Magoti yalikuwa yamemkataa, akatangaza kwamba mwezi wa kwanza anaachia kiti. Elsie alikingoja kiti hicho tangu Titus akiwa mgongoni. Nani mwingine? Nani aliujua mfereji kumshinda? Basi wiki moja kabla ya uchaguzi akiwa kwenye foleni ya kusaga unga, akasikia wanawake wawili mbele yake wakisema taratibu, "Mimi naona tumpe mama Branice. Ana mpango yule, na hana kelele."

Hana kelele! Elsie alichukua mahindi yake, hayajasagwa, akaondoka bila kuwaaga. Njia nzima alikuwa akizungumza peke yake.

Jumatano ilikuwa zamu yake. Alianza saa tatu asubuhi, saa saba mchana akawa amemaliza. Akaziba mlango, akapanda juu ya jiwe la mpakani, akafungua kinywa. Hapo macho yakaangukia nyanya za Namalwa. Zilikuwa zimeanza kutoa maua, mstari baada ya mstari, kila mche umefungwa kwenye kijiti chake kwa utepe wa kitambaa. Utepe! Mtu mwenye muda wa kufunga nyanya tepe!

Akaita. "Mama Branice." Lakini aliita kwa sauti ile ambayo mtu huomba chumvi mezani. "Mama Branice." Mara ya pili. "Mama Branice." Mara ya tatu, midomo ikicheza tu. Akasubiri kidogo, kama inavyotakiwa. Hakuna aliyeitika. Akashuka, akaenda kuyaachilia maji yapite hadi kwa Mwandawiro, naye Mwandawiro akayapokea huku akishangaa mbona leo yamefika mapema.

Njiani kurudi nyumbani alijitetea, na alijitetea vizuri. Je, kanuni inasema nini? Inasema uite mara tatu. Nimeita mara tatu. Inasema uite kwa nguvu gani? Haisemi. Basi kosa liko wapi? Mtu mwingine mwenye koo bovu, akiita kwa uwezo wake, si ndiyo hiyo hiyo? Alishinda kesi kabla ya kufika mlangoni.

Ilikuwa Januari, na upepo ulikuwa ukipanda kutoka nyika ukiwa moto. Kufikia Ijumaa jioni maua ya nyanya za Namalwa yalikuwa yamedondoka, majani yamelala. Namalwa alikuwa akibeba ndoo kutoka kwenye bomba la kanisa, akimwagilia mche mmoja mmoja kwa kikombe. Elsie alimwona. Alitaka kufurahi, na alifurahi, kwa muda wa kama dakika mbili.

Jumamosi mkutano ukakaa kwenye darasa la chekechea, watu wazima wamekunja magoti kwenye viti vya watoto. Mwandawiro akauliza habari ya zamu iliyopotea.

"Mama Titus, uliita?"

"Niliita."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Kwa jina lake."

Kila neno kweli tupu. Hata ungemletea Biblia angeishika.

"Mama Branice, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa shambani," akasema Namalwa. Alimtazama Elsie, kisha akatazama mikono yake. "Sikusikia. Lakini kama mama Titus anasema aliita, basi aliita."

Watu wakaguna. Kutosikia sauti ya Elsie! Mtu wa nyuma akasema labda dada yetu alikuwa amelala, wengine wakacheka. Namalwa akapewa adhabu yake, jina lake likafutwa, na Elsie akachaguliwa mwenyekiti kwa mikono yote iliyokuwa mle ndani. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Namalwa.

Unaona mambo hayo? Kiti amekipata, kelele zake zimeshinda, na bado yule mwanamke amepata namna ya kukaa juu yake. Elsie alirudi nyumbani akiwa na hasira kuliko alivyoondoka. Akaponda kimanga cha mihogo na maharagwe kwa nguvu mpaka kikageuka uji, akamwekea mumewe sahani, akakaa mbele yake.

"Baba Titus, wewe ni mwalimu. Mtu akifuata sheria yote, neno kwa neno, anaweza kuwa na kosa?"

Thadeus alitafuna. "Inategemea alitaka nini alipokuwa anaifuata."

"Hayo ya moyoni nani atayajua? Sheria inaangalia matendo."

"Basi kama ni sheria tu, hana kosa," akasema Thadeus. "Lakini mtu asiye na kosa hamuulizi mumewe." Akaomba kachumbari.

Elsie alimnyima kachumbari.

Kazi ya kwanza ya mwenyekiti mpya ilikuwa kusimamia adhabu. Jumatatu, saa nne asubuhi, alipanda mpaka mpakani, akamkuta Namalwa ndani ya mfereji, gauni limefungwa kiunoni, tope limemfika magotini. Alikuwa ameanza juu tangu alfajiri. Hakuwa na mtu wa kumsaidia, na hakulalamika. Elsie alisimama kwenye ukingo akitafuta kasoro. Akakosa.

"Mama Branice," akasema mwishowe, "kwa nini hukubisha?"

Namalwa alisimamisha jembe. "Nibishe nini?"

"Pale mkutanoni. Ungesema sikuita."

"Lakini uliita." Alinyoosha mkono kuonyesha mgomba ulio karibu na jiwe, hatua ishirini hivi. "Nilikuwa pale nikingoja. Nilikuona umesimama juu ya jiwe, midomo inacheza. Nikajisemea, mama Titus anasali, nisimkatize. Nikatulia. Uliposhuka nikadhani bado una kipande hujamaliza. Ni mkutanoni, uliposema mara tatu, ndipo nilipoelewa ulikuwa unasali nini."

Elsie alihisi uso ukimwaka. "Sasa si ungesema hivyo hivyo!"

"Niseme mimi? Mimi wa kuja? Niwaambie watu wa hapa, huyu mwenzenu mliyezaliwa naye ni mwongo? Na wewe hukusema uongo hata kidogo, mama Titus, ulijipanga. Mama mkwe wetu naye amekaa pale katikati yetu na fimbo yake. Achague nani?" Akapangusa jasho kwa kiwiko, akabaki na tope kwenye paji. "Usifikiri sina hasira. Nina hasira mpaka hapa. Nyanya zile nilikuwa nimezitenga kwa karo ya Branice. Lakini nimeona nikuache na kiti chako, ukikalie uone kinavyokaa."

Akainama, akaendelea kuzoa.

Jamani, wivu ni kitu cha ajabu. Mwingine hapo angelia. Elsie hakulia. Alichofikiri ni kwamba mwanamke huyu amemshinda ugali, amemshinda nyanya, na sasa anataka kumshinda hata kwa hili: anaibeba dhambi yake, Elsie, anaichimba kwa jembe mbele ya kijiji kizima, na anaichimba kwa mstari ulionyooka. Hapana. Hilo hapana. Nyanya achukue, lakini hili ni la kwangu mwenyewe.

Kwa hiyo usiniulize kama alifanya alichofanya kwa uzuri wa roho au kwa ubaya wake. Mimi sijui, na sidhani yeye anajua. Ninachojua ni kwamba alipanda juu ya jiwe, akajaza kifua, akaita.

"Mama Braniiiice! Maji ni yakooo!"

Kuku walikimbia. Ng'ombe wa upande wa pili wa bonde waliinua vichwa.

"Mama Braniiiice!"

Milango ikafunguka. Mama mkwe akatoka na fimbo yake, leso imekaa upande. Wanawake wawili wa foleni ya unga wakasimama njiani na mitungi.

"Mama Braniiiice!"

Kule chini mzee Mwandawiro alijinyoosha katikati ya mahindi yake, mkono kiunoni. Akahesabu siku kwa vidole. Kisha akapaza sauti yake ya kizee.

"Elsie! Hiyo ndiyo sauti yako! Sasa Jumatano mbona hatukuisikia?"

Bonde lote lilikuwa linasikiliza. Elsie angeweza kusema upepo. Angeweza kusema mafua. Kanuni ilikuwa bado upande wake.

"Kwa sababu sikuitoa!" akapiga kelele. "Nilinong'ona! Nilinong'ona makusudi, asisikie! Nilimwonea wivu!"

Mama mkwe aliketi kwenye kizingiti polepole. Mmoja wa wale wanawake aliweka mtungi chini, akaweka mkono mdomoni.

Elsie alibaki juu ya jiwe. Kwa desturi ya mfereji, aliyeita hashuki mpaka aitikiwe au mpaka ajue hataitikiwa. Alimtazama Namalwa. Namalwa hakuwa na haraka. Alipangusa jembe kwenye nyasi, upande mmoja, halafu wa pili. Akapanda juu ya ukingo, akafungua fundo la gauni, akalichomeka jembe kwenye udongo mbele ya miguu ya Elsie.

"Nimesikia," akasema, kwa sauti ya kuomba chumvi. "Jembe ndilo hili."

Akaenda zake nyumbani kuoga.

Elsie alivua viatu, akaingia mferejini, kijiji kizima kikimtazama. Kiti cha mwenyekiti hakika kimeshakwenda, hilo alilijua. Tope lilikuwa baridi. Kipande kilichokwisha kuzolewa na Namalwa kilikuwa kimenyooka na kusafika kuliko cha mtu yeyote aliyewahi kuuchimba mfereji ule, na hata hapo, akiwa ameinama na jembe mkononi, roho ilimuuma.