Mfagia Njia

Wakimbiaji waliotangulia mbele walikuwa washenzi, na dobi hakuona haya kuwaita hivyo. Kila kona ya msitu ule wenye mwinuko mkali aliokota kipakiti cha jeli ya kuongeza nguvu kilichonyonywa, bado kinanata mate ya mtu, akakitia kwenye mfuko wa mgongoni huku amekunja uso. Kazini kwake, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, angalau alikuwa na glovu.

Katika mbio hizi alipewa kazi ya kufagia njia: kukimbia nyuma ya mtu wa mwisho na kufungua tepe nyekundu zilizofungwa mitini kuonyesha njia, mpaka juu jabalini bahari inapoonekana yote. Nyuma yake pasibaki kitu. Mtu wa mwisho alikuwa baba mkwe wake, mzee mkaidi aliyekataa kuwekwa ndani kama mtungi.

"Mfikishe salama," mumewe alikuwa amemsihi kabla ya kutangulia kileleni. "Kule kuna korongo, na baba macho yake si ya jana. Bila tepe hatoki."

Katikati ya mlima mzee akapinda kona, asionekane tena. Mara harufu ya tumbo lililoharibika ikampiga dobi usoni kutoka vichakani. Akaziba pua.

"Hata kujizuia hawawezi!" alifoka, akapita mbio bila kugeuza shingo. Hakuwaza kamwe kuwa ni mkwewe. Alivyolelewa yeye, baba mkwe hana tumbo. Akaendelea kufungua tepe, moja baada ya nyingine.

Juu jabalini watu walikuwa wakipigana picha, wakipenga makamasi na kutemea mate palepale walipokaa. Mumewe alisimama na chupa ya maji.

"Baba yuko wapi?"

"Si yuko mbele yangu?"

"Mbele yako wapi? Wewe ndiye wa mwisho!"

Dobi aliutazama mfuko uliojaa tepe. Bahari ilikuwa imetandaa chini yake, nzuri kupita kiasi, akaipa mgongo.

Alishuka mbio akimwacha mumewe nyuma, akiita njia nzima bila kuitikiwa. Ikabidi aitafute ile harufu aliyoikimbia, akaifuata vichakani pua wazi, mate ya kutapika yamejaa mdomoni. Ikamfikisha ukingoni mwa korongo. Mzee alikuwa ameteleza, kifundo cha mguu kimevimba, kaptula imechafuka, ameshikilia mzizi.

"Baba! Hukunisikia nikiita?"

"Nilikusikia. Hata ulipopita mara ya kwanza nilikusikia."

"Ukanyamaza?"

"Ningekuitaje, mwanangu, nikiwa hivi? Geuka huko. Mwite mume wako."

Kinyaa kikampanda upya, ila safari hii hakikuwa cha uchafu. Kilikuwa cha adabu yao hii, yake na ya mzee, iliyomfanya mmoja apite kaziba pua na mwingine aone heri korongo kuliko kutaja tumbo.

"Baba, mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa. Niache nifiche."

Mzizi ukalia, ukaanza kung'oka. Dobi akashuka, akamkumbatia kiunoni kwa mikono miwili na kumvuta. Mzee alimsukuma, akamsukuma tena. Alipoona haachiwi, akafumba macho akalia, akajiachia avutwe juu.