Mgeni Aliyemuulizia Elieth

Mjukuu wangu Elieth alianza kuruka juu mwaka 2012, yuko darasa la sita, kwa ufito wa mwanzi na rundo la makapi ya maharage. Ilipofika 2014 Kibondo nzima hapakuwa na msichana wa kumzidi. Ndipo akaja yule mgeni.

Alishuka kwenye pikipiki hapa kwangu Kitahana, viatu vinang'aa, daftari kwapani. Akasema anaitwa Bazilio, katoka Kasulu. Nikampa kigoda na uji, nikamjaribu.

"Kitendawili!"

"Bibi, nina haraka."

Mtu asiyesema "tega" ana lake jambo. Nikakaa macho.

"Elieth ana miaka mingapi?"

"Ya kutosha."

"Afya je? Kifua hakimsumbui? Analelewa na nani?"

Ah! Maswali hayo hayo aliulizwa mama yangu kabla sijaolewa. Nikajua huyu ni mshenga. Na kwetu Uha mshenga usiyemtaka humfukuzi. Unamwambia mwenzake kamtangulia.

"Umechelewa, baba. Jembe la uchumba tumeshapokea. Mwezi wa nane anaolewa."

Akaandika, akaandika, kisha akaondoka. Uji hakumaliza.

Jumatano Elieth akarudi kutoka shuleni analia. Kumbe Bazilio ni mwalimu, anachagua timu ya kuruka Ijumaa huko Kasulu. Jina la Elieth kalikata, na shuleni wanasema mwenye mchumba hana dawati.

"Bibi, nani kaniozesha?"

"Mimi, mwanangu. Kwa mdomo tu."

Ijumaa tukapanda gari la Kasulu. Elieth akakaa kiti cha nyuma, mbali nami. Uwanjani nikamfuata Bazilio, nikamweleza.

"Sasa bibi, nikuamini leo au siku ile?"

"Leo."

"Labda mahari mmeshakula, mume mnamficha."

"Mwalimu, nilikuogopa."

Akanitazama sana. Akanipa karatasi. "Andika, kisha usome mbele ya timu zote. Wako watu wa Kitahana hapa. Kama kuna mume, watasema."

Darasa langu la saba likanifaa siku hiyo. Nikasimama, nikasoma: "Mimi Theodosia nilisema uongo. Elieth hana mchumba. Nilidhani mwalimu ni mshenga."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Kijana mmoja akapaza sauti, "Bibi, mimi nilete jembe?"

"Wewe funga kwanza kamba za viatu!"

Nikangoja. Hakuna aliyetaja mume. Bazilio akarudisha jina, lakini kwa penseli, na alama ya kuuliza pembeni.

Elieth hakunitazama. Akakimbia, akageuza mgongo, akapita juu ya ufito na haukutikisika. Mita moja na nusu. Wa kwanza.

Mwaka 2015 akashinda tena, wilaya na mkoa. Na kila mara, kabla hawajamvika medali, kuna mtu ananivuta kando: "Bibi, kweli hana mtu?"

Namtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Nani anauliza?"