Vitobo Kumi na Kimoja

Mimi nina ugonjwa mmoja: siwezi kuona simu inatupwa. Kibanda changu pale Mlandege kimejaa maiti za simu, na kila maiti ina kiungo kitakachoifaa nyingine. Watu hunicheka, mpaka siku wanapovunja vioo vyao. Kwa hiyo Bi Mwanakheir wa Mkunazini aliponiletea simu yake ya batani iliyozama kwenye ndoo ya maji, nilimwambia kwa kiburi changu chote, "Bi, kesho itakuwa inalia." Haikulia kesho wala keshokutwa. Maji yalikuwa yameshaila ndani.

Bi Mwanakheir haoni. Macho yalimpotea akiwa na miaka thelathini, na tangu hapo anaishi kwa vidole. Anashona kofia za vitobo, zile nyeupe zenye matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi, na sijaona mwenye macho anayemfikia. Namba za watu arobaini ziko kichwani mwake. Lakini wiki ile simu ilipokufa akashikwa na homa, siku mbili pasiwe na mtu aliyejua. Bintiye Rukaiya, mwalimu wa Bwejuu, alimkuta yuko hoi. Akamwuguza, akamwachia simu yake ya zamani ya kupangusa, kioo kimepasuka, na neno moja: "Ukiweza kunipigia mwenyewe kabla ya Ijumaa, bakia hapa. Huwezi, nakuja na gari kukuhamishia kwangu."

"Si bora ukakae na mwanao?" nikamwuliza. Domo langu halina breki.

"Mkunazini mimi si kipofu, Haroub," akasema. "Kipofu n'takuwa Bwejuu."

Jumatatu nilitoa kioo kwenye maiti mojawapo nikakivisha simu ya Rukaiya. Nikampa pia simu mbili za batani nilizokuwa nazo kabatini ajaribu. Akazipapasa, akanirudishia. Batani za siku hizi zimelala kama mkeka, huwezi kujua moja inaishia wapi. Jumanne nikaiwashia ile ya kupangusa sauti ya kusoma. Ikasoma kila kitu, saa, chaji, hali ya hewa, haikunyamaza, na Bi akampigia muuza gesi mara tatu. Jumatano nikadondoshea gundi juu ya kila tarakimu ili apate vinundu. Penye gundi kioo hakikusikia kidole. Bi akaibandua gundi kwa ukucha, akarudi kwenye kofia yake.

Hapo nilipandwa na hasira. "Basi Bi, wewe ndiye hutaki!"

Akaichomeka sindano kwenye kitambaa, polepole. "Haroub. Siku tatu hizi unanitengenezea. Ushaniuliza hata mara moja mimi nnashikaje kitu?"

Niliona haya, wallahi, mpaka masikio yakawaka moto.

Akaniamuru nimwekee kidole juu ya tarakimu moja baada ya moja. Akapima nafasi kwa uzi, akifunga fundo kila penye tarakimu, kama anavyopima kichwa cha mteja. "Hiyo nyota na hiyo reli sina shughuli nazo. Kumi, na hicho cha kupigia. Nenda zako, urudi kesho baada ya Alasiri."

Alhamisi nikabisha hodi. Kwenye paja lake ilikuwapo simu imevaa joho. Alishona kitambaa kilekile cha kofia, mikunjo miwili, kimetiwa wanga kikasimama, na ndani yake vitobo kumi na kimoja, kila kimoja upana wa ncha ya kidole. Kitobo cha tano alikizungushia uzi mara mbili ili ajue katikati ni wapi. Mimi kazi yangu ilibaki ndogo: kuitengeneza simu ikiwashwa tu ifungukie kwenye tarakimu.

Akatia kidole cha shahada. Kimya. Akatia tena. Kimya.

Nikamshika kidole nikakitazama. Miaka arobaini ya sindano imekifanya kigumu kama ganda la kwaju. "Kioo hakikisikii, Bi. Kidole kimekomaa."

"Na kipi hakijapata kushika sindano?" akajiuliza, akanyoosha kidole kidogo cha mwisho, akakizamisha kitoboni. Simu ikalia *tii*. Nilipiga kelele mpaka jirani, Mwatima, akafungua dirisha kuuliza nani kafa.

"Toka nje," Bi akaniambia.

"Naam?"

"Kaa barazani. Rukaiya atasema umenipigia wewe."

Nikatoka. Kupitia dirishani nikasikia milio kumi, mmoja mmoja, halafu sauti ya Rukaiya, ambayo kwa kazi ya ualimu haihitaji spika.

"Haroub?"

"Haroub yuko nje."

"Mama, nani kakubonyezea?"

"Nimebonyeza mwenyewe."

"Kata. Nipigie tena."

Simu ikakatika. Pale barazani nilianza kuhesabu. Mlio wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba. Ukasimama. Mimi niliyezoea kutia mkono kwenye kila kitu niliikalia mikono yangu miwili. Wa nane. Wa tisa. Nikasikia kidole kikitambaa juu ya kitambaa, kinatafuta, bila shaka kinarudi kwenye ule uzi maradufu wa katikati, kinahesabu vitobo upya kutoka hapo. Wa kumi.

"Mama." Rukaiya alikuwa ameshaanza kulia. Na mimi pia, sifichi.

"Kesho njoo," Bi Mwanakheir akamwambia. "Lakini gari la mizigo liache hukohuko. Njoo na njaa."