Plagi za Starlet ya Mwalimu Odero

Kwa miaka thelathini Kiarie alitengeneza magari kando ya barabara pale Kinoo, na sifa yake kuu ilikuwa sikio. Alikuwa akifungua boneti, akiinamisha kichwa, na kukwambia ugonjwa wa gari kabla hujamaliza kulalamika. Bintiye, Njambi, alijifunza ufundi kwake. Lakini mwaka ule wa 2006 Njambi alijua jambo ambalo nyumbani hapakuwa na wa kulitamka mbele ya baba: simu ya baba ililia mfukoni mwake mwenyewe na yeye asiisikie.

Jumanne moja akaja Odero, mwalimu anayeishi mtaa wa Jamhuri, na gari lake, Starlet kuukuu ya turbo. Alikuwa ameitoa turbo ya kiwandani, ile feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, akafungiwa kubwa zaidi. Ijumaa angesafiri Kisumu na mkewe na watoto, akataka gari likaguliwe.

Wakalipandisha kilima cha Waiyaki Way, Kiarie kwenye usukani, Odero kando yake, Njambi nyuma. Turbo ilipovuta, Njambi akasikia mgongano mwembamba, mfano wa changarawe ndani ya mkebe. Injini ilikuwa inagonga: petroli ikilipuka kabla ya wakati wake.

"Iko sawa," Kiarie akasema. "Mwalimu, safiri bila wasiwasi."

Kumsahihisha baba mbele ya mteja ni kumvua nguo hadharani. Kunyamaza nako ni kuwapeleka watoto wa watu barabarani na injini inayojiua.

"Mwalimu, tuachie hadi kesho," akasema waliporudi. "Kuna kitu nataka baba aangalie."

Odero alipoondoka, na injini ilipopoa, Njambi akafungua plagi zote nne zinazotoa cheche ndani ya injini. Ya tatu akamwekea baba kiganjani. Kiarie akavaa miwani. Kauri iliyopaswa kuwa ya kahawia hafifu ilikuwa nyeupe pe, na juu yake vidoa vya kung'aa: chembe za pistoni iliyokuwa imeanza kuyeyuka.

"Hii ilikuwa inagonga," akasema polepole.

"Ndiyo, baba."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Akaketi juu ya tairi. "Umejua tangu lini?"

"Tangu Krismasi. Mama ndiye aliyeniambia."

Kiarie akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Basi mpumbavu nilikuwa mimi peke yangu." Kisha akainuka. "Leta kipimo, tuone kama tumechelewa."

Wakapima mgandamizo wa hewa, silinda moja baada ya nyingine. Hawakuwa wamechelewa; pistoni zote zilikuwa bado zinabana.

Asubuhi wakashuka mjini, Kirinyaga Road. Muuza spea, kijana aitwaye Ndegwa, akatandika plagi za bei ghali juu ya kaunta. "Mzee, wenye turbo wote wanabeba hizi."

Kiarie akamgeukia bintiye. "Chagua wewe."

Njambi akasoma maandishi. "Hizi ni namba sita, sawa na zile zilizoungua. Ukiongeza turbo, joto linaongezeka, unataka plagi inayolitoa haraka. Nipe za kawaida, namba saba, zinapoa haraka kuliko sita."

"Mbona si nane?" baba akamjaribu.

"Nane ni za mashindano, zinapoa mno. Mwalimu anakwama kwenye jam ya Ngong Road kila siku. Zitajaa masizi kabla ya wiki kuisha."

Kiarie akamrudishia Ndegwa zile za bei ghali. Akatoa pochi.

Gerejini, Njambi akazibana ncha za plagi zikaribiane zaidi, maana upepo wa turbo huizima cheche inayoruka mbali. Akapunguza pia nguvu ya turbo kidogo. Kisha akalipandisha gari kilimani mwenyewe, baba akiwa ameweka kiganja juu ya dashibodi.

"Inasema nini?"

"Imetulia."

"Usinifurahishe, Njambi."

"Baba, imetulia kabisa."

Jioni Odero alipokuja, Njambi alikuwa ameandaa maneno ya kumsitiri baba, lakini Kiarie akamtangulia. "Mwalimu, jana nilikwambia iko sawa. Haikuwa sawa. Masikio yangu yamezeeka. Aliyesikia ni huyu."

Odero akamtazama mzee, kisha akamshika Njambi mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, fundi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza mteja kumwita hivyo.

Jumamosi alipiga simu kutoka Kisumu. Walikuwa wamefika salama. Na wiki iliyofuata Kiarie akakubali kwenda kwa daktari wa masikio, jambo ambalo mkewe alikuwa akiliombea kimyakimya mwaka mzima.