Kibodi ya Bwana Maelekezo

Kati ya vitu vyote alivyoacha marehemu, dada yake, wifi mtu, alitaka kibodi. Saa hakuitaka. Koti la sufu hakulitaka. Redio ilikuwa pale juu ya kabati, nzima kabisa, inashika stesheni zote, hata jicho hakuitupia. Kibodi! Na yeye mwenyewe, tuseme ukweli, akiambiwa aandike jina lake kwenye kompyuta angeitafuta herufi ya kwanza mpaka chai ipoe.

"Niachie hiyo tu, wifi yangu," alisema. "Ya kumkumbukia kaka."

"Utaichukua," akajibiwa.

Aliyejibu ni mke wa marehemu, muuguzi wa kliniki ya kisukari, ambaye watu wote, hata wa nyumbani kwake, walimwita Sista. Tangu wamzike mumewe, majibu yake yalikuwa ya namna hiyo. Sawa. Haya. Utachukua. Ungemwambia paa la nyumba limeondoka na upepo, angekuambia haya.

Aliamka, akaoga, akavaa sare nyeupe, akaenda kazini. Aliwachoma watu vidole, akawapima, akawaambia waache soda, akarudi. Chakula alikula kwa sababu saa ya kula ilikuwa imefika. Chumvi ikizidi au ikipungua, kwake ilikuwa mamoja. Siku moja alitia mkono kwenye maji ya moto ya kuoshea vyombo, akauona unageuka mwekundu ndipo akakumbuka kuutoa. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Ila mguu ukiukanyagisha chini unaanza kuwasha. Huu moyo haukuwasha.

Majirani waliliona hilo, na majirani hawakosi la kusema. "Hata chozi?" walinong'onezana siku ya mazishi. "Mke wa miaka yote ile, hata chozi la kukopa?" Pembeni yake wifi alikuwa analia kwa niaba ya ukoo mzima, anashikwa huku na huku, sauti imekauka. Sista alimtazama na kumwonea wivu. Mwenzake alikuwa na kitu cha kutoa. Yeye alijipapasa ndani, hakuona kitu.

Au tuseme aliona kitu kimoja tu, nacho kilikuwa kijiko cha sukari.

Maana jioni ile ya mwisho mumewe alimwomba. Alikuwa amekaa mezani kwake, kikombe cha chai mbele yake, akageuka na kusema, "Leo tu, mke wangu. Kijiko kimoja."

"Asubuhi kipimo kilisoma juu. Hapana."

"Nusu basi."

"Nimesema hapana."

Akainywa hivyo hivyo, akakunja uso, akasema hata dawa ya panya ina ladha kuliko hii, akacheka peke yake. Akalala. Hakuamka.

Basi hicho kijiko ndicho kilichomkaa Sista kooni. Alikuwa amemtunza mtu kwa miaka, amempimia wali kwa ngumi, amemkatia tunda nusu, amemwondolea sukari katika chai, na kila kipimo kilipopanda yeye alikaza kamba zaidi. Sasa alitaka kujua jambo moja tu: je, yule bwana aliishi naye kwa raha, au alikuwa amemfunga jela, akafia humo na uchungu mdomoni? Wa kumuuliza hakuwepo. Ndiyo maana hakulia. Mtu atalilia nini, ikiwa hajui kama yeye ndiye mfiwa au ndiye askari jela?

Sasa tumjue huyo bwana. Kazi yake ilikuwa kufasiri vijitabu vya maelekezo: vya pasi, vya pampu za maji, vya majokofu. Ukisoma mahali "usitumbukize kifaa hiki majini", huenda ni yeye. Mtaa mzima ulimwita Bwana Maelekezo, na jina alilipenda. Alifanyia kazi sebuleni, kwenye meza iliyo chini ya dirisha, na pale mezani kompyuta yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, hata kioo chake kilikuwa na mkwaruzo. Mali yake ilikuwa kibodi.

Mgeni hakuruhusiwa kukaa kabla ya kuishika. "Shika kwa mikono miwili," alimwambia. Mgeni angeshika, na mikono ingeshuka kidogo kwa uzito. "Unaona? Ndani kuna bamba la chuma. Haya, ikunje. Jaribu! Haikunjiki. Hizi zenu za siku hizi ni za plastiki ya bakuli, ukiandika kwa hasira zinabonyea katikati. Na vitufe vyake kama uji, hujui herufi imeingia au imekataa. Hii inakujibu. Ukifika nusu inakuambia bado. Ukifika penyewe inagonga: nimepata! Na tazama herufi. Hazikupakwa rangi juu, zimo ndani ya plastiki yenyewe. Mimi nitafutika, hizi zitabaki."

Na kweli.

"Ungeioa basi!" Sista alimpigia kelele kutoka jikoni.

"Ningeioa, ila haipiki chai!"

Wageni wakacheka, naye akarudi kazini, na nyumba ikajaa ule mlio. Sista alipika kwa mlio huo miaka na miaka. Aliweza kujua, akiwa na mwiko mkononi, kama leo ni pasi au ni pampu, kama maneno yanakuja au yanagoma. Mwisho wa mstari alisikia kitufe kikubwa cha mkono wa kulia kikipigwa kwa nguvu, ta! Lakini miezi ya mwisho kile kitufe kilianza uvivu. Kinazama, hakipandi upesi, kinataka kugongwa mara mbili.

"Si ulisema inakujibu?" Sista alimtania.

"Inajibu. Siku hizi inajifikiria kwanza."

"Niletee niisafishe. Nina pamba na spiriti, dakika tu."

Loo! Bwana Maelekezo aliifunika kibodi kwa mikono miwili kama kuku aliyeatamia. "Hii haiguswi na mtu! Utaniharibia." Mwanamke akainua mikono, akaachana naye. Wanaume na vitu vyao. Halafu kulikuwa na sisimizi. Waliupanda mguu wa meza ile kwa mstari mmoja, wakielekea juu bila haraka, na Sista alipouliza, mumewe alisema wanafuata joto la kompyuta. Naye akaamini! Mtu ambaye kule kliniki mgonjwa hamalizi kusema "mimi sijala kitu" kabla hajamwambia alichokula. Ndiyo maana wahenga walisema mganga hajigangi.

Siku aliyoahidiwa wifi kuichukua kibodi, Sista alirudi kutoka kazini mapema. Hakuwa mtu wa kutoa kitu kichafu nyumbani mwake, hata kama yeye mwenyewe alikuwa hasikii lolote. Alichukua pamba, spiriti, kibano kidogo cha kuchomolea miiba na kijiko cha chai, akaketi kwenye kiti cha mumewe. Hakuwahi kukikalia.

Kwanza aliibonyeza tu. Waya ulikuwa umechomolewa, kompyuta imezimwa, hakuna kilichoandikwa popote. Alibonyeza herufi moja kwa kidole cha shahada. Kitufe kikaenda chini kidogo, kikamkatalia, kisha kikaachia, kikagonga, na kikakisukuma kidole chake juu. Akabonyeza tena. Kwa majuma yale yote alikuwa amegusa vitasa, sufuria, mikono ya watu waliokuja kumpa pole, na hakuna kilichomfikia. Hiki kilimsukuma. Akabonyeza kingine, na kingine. Akafika kwenye kile kikubwa cha kulia. Kikazama, kikabaki chini.

"Na wewe?" akakiambia.

Akakitia mpini wa kijiko kwa chini, tayari kukibandua.

"Hodi!" Wifi alikuwa amekwishaingia, mfuko wa kubebea mkononi. Alipoona kinachofanyika pale mezani alisimama palepale. "Wifi, unafanya nini?"

"Naisafisha."

"Ya nini kujisumbua? Nipe hivyo hivyo!"

"Chafu hii."

"Si uchafu wake? Nautaka na huo! Ni jasho la mikono ya kaka yangu."

"Jasho la mikono ni vijidudu, wifi."

"Vijidudu vyake navitaka!"

Akaja mbio na kushika upande wa pili. Hebu fikiria: wanawake wawili watu wazima, mmoja na sare ya uuguzi, wanavutana kibodi katika nyumba ya msiba. Na ile kibodi ni nzito, haikunjiki, kila mmoja akivuta mwenzake anakuja nayo. Kijiko kilikuwa bado kimechomekwa. Wifi alipovuta mara ya mwisho, kitufe kikubwa kikaruka, kikapiga kioo cha dirisha na kuanguka chini.

Wote wawili wakainama kutazama.

Mahali kilipokuwa kitufe palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kimeganda, kimejaa shimo zima. Sista aliiweka kibodi mezani. Alichukua kibano, akatoa kipande, akakiweka juu ya pamba nyeupe, akakisogeza kwenye mwanga. Chenga zilizoshikamana. Juu yake punje zinang'aa, kubwa kubwa, zile zinazonyunyizwa juu ya biskuti za tangawizi. Akabandua kitufe cha jirani. Vilevile. Akabandua vya upande wa kushoto: safi, vumbi kidogo tu. Bwana aliandika kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiwa na shughuli nyingine.

"Wifi."

"Abee."

"Hizi ni biskuti."

Wifi alikaa chini, sakafuni, bila kutafuta kiti. Mfuko wake ukamwanguka.

"Ni mimi," akasema. "Ukiwa zamu ya mchana nilikuwa napita hapa. Aliniapisha nisikwambie. Nikawa nasema kidogo hakiui, leo tu, kesho sileti. Halafu ananitazama, wifi, kaka yangu mzima na mvi zake, ananitazama kama mtoto. Ningefanyaje mie? Tangu tumemzika silali. Nilijua ipo siku utaifungua hiyo kitu. Nilitaka niichukue nikaisafishe mwenyewe kabla hujaona." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nimemuua kaka yangu. Sema tu. Wewe ndiye unayejua mambo hayo, sema."

Sista alijua. Alijua biskuti zinafanya nini katika damu ya mtu kama yule, aliwaeleza watu kila siku ya kazi. Sasa vipimo vya asubuhi vikapata maana, vile vilivyomfanya aulaumu wali wake, sufuria yake, mkono wake. Angeweza kusema sentensi moja tu, kwa sauti ile ya kliniki, na wifi angeibeba hadi kaburini. Ilikuwa tayari juu ya ulimi.

Aliimeza. Kulikuwa na kitu kingine alichotaka kujua zaidi.

"Alikuwa anazilaje?"

Wifi aliinua uso. "Nini?"

"Biskuti. Alizilaje?"

"Alikuwa..." Wifi akapenga kamasi. "Alikuwa anazichovya kwenye chai yako. Ile unayomwachia kwenye chupa. Nilimwambia, kaka, si umwage hiyo chai chungu nikupikie nyingine, yeye hayupo, nani atajua? Akakataa. Akasema, chai hii kaipika mke wangu, siimwagi hata tone. Wewe lete tu cha kuiteremshia."

"Akasema hivyo?"

"Kila mara! Halafu anafumba macho anatafuna, anaandika na mkono mmoja, anacheka. Anasema, ni mtu gani mwenye bahati kama mimi? Mke ananikataza, dada ananiletea."

Sista aliitazama kibodi, ile nzito, isiyokunjika, isiyoguswa na mtu.

"Mwizi!" akaiambia. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Mwizi mkubwa wewe! Mnafiki! Sisimizi wanafuata joto, eti! Na mimi je? Mimi nimeinywa chai chungu miaka yote hiyo ili usijione peke yako, na biskuti sina!"

Akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha kukwama, kama kile kitufe, kinazama hakipandi. Kisha kikapanda. Kifua kikaanza kumwasha, na machozi yakaja yote kwa pamoja bila adabu, yakadondoka kwenye sare, kwenye pamba, kwenye vitufe. Alilia kwa sauti mpaka jirani mmoja akachungulia dirishani, akaona aliyoyaona, akaenda zake. Wifi alijikokota sakafuni hadi kitini, akamshika magoti.

"Nisamehe, wifi."

"Nyamaza kwanza, nalia."

Wakalia. Baadaye sana Sista aliinama, akaokota kitufe kikubwa, akakifuta kwa pamba, akakirudisha mahali pake. Akakibonyeza. Kikaenda, kikagonga, kikarudi.

"Kibodi sikupi," akasema, akijifutia pua kwenye mkono wa sare.

"Siitaki tena."

"Ila kesho ukija, njoo na biskuti."